Chombo cha Shirika na Jawabu la Mmoja

Kuna vitu ambavyo wanadamu wakigawana hupungua, na kuna vitu ambavyo wakigawana huongezeka. Mkate ukigawanywa hupungua. Elimu ikigawanywa huongezeka. Moto wa jirani hauzimiki kwa sababu jirani mwingine ametwaa kijinga cha kuwashia moto wake, wala njia haiishi kwa sababu wengi wameipita. Lakini kiko kitu cha tatu, ambacho kikigawanywa hakipungui wala hakiongezeki, bali hupotea kabisa. Kitu hicho ni jawabu. Mtu mmoja akiulizwa hujibu. Watu kumi wakiulizwa kwa pamoja hutazamana.

Jambo hili ni la kale, lakini limepata sura mpya katika siku hizi za serikali mtandao. Halmashauri za wilaya zamani zilikuwa kila moja na daftari lake, kalamu yake, muhuri wake na kabati lake. Leo zinashirikiana katika mifumo ya kompyuta iliyo mamoja kwa wote: mfumo wa kupanga bajeti, mfumo wa hesabu, mfumo wa kukusanya mapato, mfumo wa kupokea malipo. Watu wengi wamekwisha kuuliza kama ushirika huu ni nafuu kwa fedha, na wengine wameuliza kama ni imara kwa ufundi. Maswali hayo ni ya haki na yana wajuzi wake. Liko swali la tatu, nalo ni la maadili, ambalo haliulizwi mara nyingi: chombo kikiwa cha wengi, jawabu ni la nani?

Swali lisiloshuka ardhini huelea kama moshi, kwa hiyo yafaa lishushwe mahali penye watu. Mkoa wa Rukwa uko kusini magharibi mwa Tanzania, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mgongo wake ni nyanda za juu za Ufipa. Una halmashauri 4: Manispaa ya Sumbawanga, Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, Kalambo na Nkasi. Kwa hesabu ya sensa ya 2022 wakazi wake ni zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi wao huishi vijijini: wakulima wa mahindi na maharage, wafugaji, na kando ya ziwa wavuvi wa dagaa na migebuka. Mkoa huu si maskini wa chakula wala wa bidii. Umaskini wake, kama ilivyo kwa mikoa mingi ya mashamba, ni wa masafa. Kila jambo liko mbali na kila jambo jingine.

Katika mahali kama hapo faida ya ushirika huonekana upesi. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Kama kila moja ingejitengenezea mfumo wake, nchi ingekuwa na programu 184 zisizosalimiana. Halmashauri tajiri za mijini zingeajiri mafundi bora. Halmashauri changa kama Kalambo, ambayo ilizaliwa kwa kumegwa kutoka Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, ingebaki na kompyuta moja yenye vumbi na kijana mmoja mwenye nia njema. Jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga hutakiwa matatu, na mwenye figa moja, hata likiwa zuri namna gani, hulala na njaa kama asiye nalo.

Mfano mmoja wa faida hiyo ni habari ya bajeti. Kabla ya 2017 maofisa mipango walifunga safari kwenda makao ya mkoa, na kutoka huko kwenda Dodoma, wamebeba mipango ya mwaka ili ijumlishwe na mipango ya wengine. Kwa mtu wa Dodoma safari hiyo ilikuwa ya miguu. Kwa mtu wa Namanyere ilikuwa ya siku kadhaa, na fedha ya nauli na posho ilitoka katika mfuko uleule uliotazamiwa kununua dawa na madawati. Mwaka 2017 mfumo wa mipango uitwao PlanRep uliwekwa katika intaneti, na halmashauri zote zikaandika mipango yao pahali pamoja. Mwaka huohuo mfumo wa hesabu uitwao FFARS ukaanza kufikishwa hadi kwenye zahanati na shule, na malipo ya serikali yakaanza kupita katika njia moja yenye namba maalumu ya malipo. Safari nyingi zikakoma. Aliyekuwa mbali akasogezwa karibu bila kuhama nyumbani kwake.

Lakini ni kosa kudhani kwamba ushirika huu ni jambo la kubana matumizi peke yake. Ndani yake mna haki. Mkulima wa Kalambo akisafirisha maharage yake kwenda soko la Sumbawanga mjini hutoka katika halmashauri moja na kuingia katika nyingine. Mwaka 2017 serikali iliondoa ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mwenye kuzidisha kiasi hicho alibaki na wajibu wa kulipa, na mwenye kulipa ana haki ya kutolipishwa mara ya pili. Zamani haki hiyo ilitegemea kipande cha karatasi na hisani ya mtu aliyesimama kwenye kizuizi. Karatasi ikilowa kwa mvua, haki nayo ililowa. Halmashauri zinaposoma stakabadhi katika mfumo mmoja, neno la mkulima aliyelipa kijijini linakuwa na uzito uleule mjini. Hapo ushirika wa chombo ni ushirika wa heshima: raia wa halmashauri ndogo haambiwi kwamba karatasi ya kwao haijulikani.

Hata hivyo si busara kusifu upande mmoja wa sarafu na kuuficha wa pili. Wako watu wenye mashaka juu ya ushirika huu, na mashaka yao yana mizizi katika historia. Kuanzia mwaka 1972 halmashauri za wilaya na miji zilivunjwa, na kazi zao zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Jina la mpango huo lilikuwa Madaraka Mikoani, na kusudi lililotangazwa lilikuwa kuisogeza serikali karibu na wananchi. Wengi waliuona mwisho wake kinyume cha jina lake: maofisa walisogea karibu, lakini uamuzi wa wananchi wenyewe ukasogea mbali. Halmashauri za miji zilirudi mwaka 1978. Sheria za serikali za mitaa zilitungwa tena mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi upya mwaka 1984. Kwa hiyo mtu anayeogopa kwamba kilichorudishwa kwa sheria huweza kutwaliwa kimyakimya na kompyuta hana wazimu. Ana kumbukumbu.

Hofu yake yaweza kuelezwa hivi. Baraza la madiwani lina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini sheria ndogo ya leo haifanyi kazi mpaka iingie katika mfumo, na mfumo hupokea yale tu ambayo fundi wake aliyawekea nafasi. Ikiwa baraza limeamua kuwapunguzia kodi wachuuzi wajane, na mfumo hauna mahali pa kuandika mjane, basi uamuzi wa baraza umeshindwa na mtu ambaye hakupigiwa kura na yeyote, na pengine hajui kwamba ameshinda. Hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na habari. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 146, inasema kwamba makusudi ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Neno madaraka katika Kiswahili lina maana mbili zilizo pacha: ni uwezo wa kuamuru, na ni wajibu wa kuliangalia jambo mpaka mwisho wake. Mtu akipokonywa maana ya kwanza hulalamika upesi. Akipokonywa maana ya pili aghalabu hufurahi, maana ametuliwa mzigo. Katika furaha hiyo mna hatari kubwa kuliko ile ya hofu.

Hatari yenyewe yaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni, ingawa kila aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi ataujua. Mama mmoja mchuuzi wa samaki yupo kwenye mwalo kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo la Nkasi. Amenunua matenga matatu ya migebuka alfajiri, akayapanga katika barafu, na gari la kwenda Sumbawanga linanguruma. Anakwenda kulipa ushuru. Kijana wa kukusanya ushuru ameishika mashine, anaitazama, anaiinua juu kama anayetafuta mwezi.

"Mama, mashine haina mtandao. Subiri kidogo."

"Mwanangu, samaki hawa hawajui kusubiri. Pokea ushuru wako, uniandikie karatasi."

"Siruhusiwi kuandika karatasi, mama. Fedha haipokelewi nje ya mfumo."

"Basi niache nipite, nikalipe mjini."

"Bila stakabadhi utakamatwa kwenye kizuizi."

"Sasa nimwulize nani?"

Kijana hakujibu, kwa sababu hakuwa na jina la kutaja. Gari likaondoka. Jua likapanda. Barafu ikafanya kazi iliyoumbwa kuifanya, yaani kuyeyuka. Mchana mtandao uliporudi, ushuru ulipokelewa sawasawa, stakabadhi ikatoka sawasawa, na hesabu ya halmashauri siku hiyo haikupungua hata senti moja. Mtaji wa mama yule ndio uliopungua, na hasara hiyo haikuandikwa katika mfumo wowote.

Nani amemkosea? Ukimwuliza kijana atamwonyesha mwenye cheo katika halmashauri, ambaye ndiye aliyemkabidhi mashine. Mwenye cheo atamwonyesha ofisa wa kompyuta wa wilaya. Huyo ataonyesha Dodoma, mahali mfumo unakosimamiwa. Dodoma wataonyesha kampuni ya simu, na kampuni ya simu itaonyesha nyaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku ya namna hiyo, msafara wa vidole ulioanzia mwaloni Nkasi huishia katika kilindi cha bahari, na samaki wa Ziwa Tanganyika huoza kwa sababu ya jambo lililotukia mahali ambapo mwenye samaki hatapaona maishani mwake. Kila kidole katika msafara huo kimesema kweli. Hapana mwongo hata mmoja. Ndipo mtu mwenye kufikiri ashtuke: yawezekana mlolongo wa wakweli ukazaa dhuluma.

Lugha nayo imeanza kuizoea dhuluma hiyo. Katika ofisi nyingi yasikika maneno haya: mfumo umegoma, mfumo umekataa, mfumo haujaruhusu. Kwa sarufi sentensi hizi hazina ila. Kiima kipo na kitenzi kipo. Lakini vitenzi vyenyewe ni vya watu. Kugoma ni tendo la mfanyakazi mwenye malalamiko. Kukataa ni tendo la mwenye hiari. Kuruhusu ni tendo la mwenye amri. Chombo kimevikwa nguo za mtu, na mtu aliyekuwa amezivaa amebaki nyuma ya chombo, haonekani. Yaweza kusemwa kwamba hata gari husemwa limegoma, na hakuna aliyedhurika kwa msemo huo. Ni kweli, lakini gari likigoma dereva hushuka, hufunua boneti, hujipaka grisi, na abiria humjua wa kumwuliza. Msemo wa gari una dereva nyuma yake. Msemo wa mfumo mara nyingi hauna.

Hapa atasimama mtetezi wa kijana wa ushuru, na yastahili asikilizwe. Atasema: kijana huyu hakuutengeneza mfumo, hakuchagua mashine, hakuukata waya. Mshahara wake ni mdogo. Akiandika karatasi atafukuzwa kazi, tena pengine atashtakiwa. Je, ni haki kumtwika dhambi za bahari? Na atasema tena: karatasi haikukatazwa bure. Vitabu vya stakabadhi vilikuwa mlango wa wizi. Wapo waliokuwa na vitabu viwili, kimoja cha halmashauri na kimoja cha tumbo lao, na fedha ya zahanati ikaishia mifukoni mwa watu. Mashine ililetwa kuuziba mlango huo. Mwenye kuomba karatasi irudi, je, haombi mwizi arudi?

Maneno hayo ni mazito, na majibu yake hayapatikani mpaka vitenganishwe vitu viwili ambavyo watu hupenda kuvichanganya, yaani lawama na jawabu. Lawama ni ya aliyetenda kosa, na hugawanyika kwa kadiri ya makosa. Jawabu ni la aliyepokea dhamana, na halifuati kosa. Nahodha hakuumba upepo, wala hawezi kulaumiwa kwa tufani. Lakini abiria wakimwuliza chombo kinakwenda wapi, hana ruhusa ya kusema kwamba swali hilo liulizwe kwa upepo. Atasema: tumepotea njia, tutatua bandari hii, chakula kipo cha siku mbili, nami nitakuwa usukani. Maneno hayo hayaitulizi bahari, lakini yanawaweka watu katika hali ya kuwa watu. Hivyo kijana wa ushuru hastahili lawama ya waya uliokatika. Anachodaiwa ni jawabu, na asipokuwa nalo, kosa ni la wale waliompa mashine wasimpe jawabu pamoja nayo.

Kuhusu wizi, ni kweli kwamba karatasi yaweza kuibia. Lakini yapasa hasara mbili zipimwe katika mizani moja. Upande mmoja ni hasara ya halmashauri kupoteza shilingi kadhaa katika saa chache ambazo mtandao umekatika. Upande wa pili ni hasara ya mchuuzi kupoteza mtaji wote. Hasara ya kwanza ni ya shaka, nayo huangukia wengi, ambao kila mmoja ataisikia kama tone. Hasara ya pili ni ya yakini, nayo humwangukia mmoja, ambaye ataisikia kama gharika. Tena mchuuzi hakuuchagua mfumo. Serikali ndiyo iliyouchagua, kwa sababu njema na kwa faida yake. Kanuni ya uadilifu hapa si ngumu: aliyechagua chombo ndiye achukue hasara ya kuharibika kwake. Kumtwika hasara hiyo asiyechagua ni kumfanya maskini awe bima ya mwenye nguvu. Wala hapana ulazima wa kurudia vitabu vya zamani. Kipande cha karatasi chenye namba, kilichohesabiwa asubuhi na kuhesabiwa jioni, na kuingizwa katika mfumo uzi ukiungwa, hakimfungulii mwizi mlango mpana kuliko ule alio nao tayari.

Anayedhani kwamba haya ni ndoto na alitazame jambo la kuandikisha watoto. Mwaka 2013, katika Mkoa wa Mbeya, ulianza mpango wa kuwasajili watoto wenye umri chini ya miaka mitano, na baadaye mikoa mingine ikafuata. Kabla ya hapo mzazi alipaswa kusafiri hadi makao ya wilaya. Kwa mpango ule mtoto huandikishwa katika kituo cha afya au katika ofisi ya mtendaji wa kata, bila malipo. Cheti huandikwa kwa mkono papo hapo, na habari za mtoto hutumwa kwa simu kwenda kwenye hazina moja ya taifa. Yafaa mpangilio huo utazamwe kwa makini, maana ndani yake mna fikira njema. Hazina ni ya wote, simu ni uzi wa wote, lakini jawabu liko mkononi mwa mtu mmoja aliye mbele ya mzazi. Uzi ukikatika leo utaungwa kesho. Mama amekwisha kwenda zake na cheti. Chombo kimeshirikiwa, jawabu halikushirikiwa. Waliopanga mambo hayo walijua, au walibahatisha vizuri, kwamba kinachopaswa kwenda mbali ni habari, si mtu.

Kutokana na hayo yote hukumu yaweza kutolewa bila kuwadhulumu wenye hoja. Halmashauri za mashambani zina haki ya kushirikiana katika vyombo, tena ni wajibu wao, kwa maana kiburi cha kila mmoja kuwa na chake hulipiwa na raia wa halmashauri iliyo dhaifu. Anayepinga ushirika kwa jina la uhuru wa halmashauri na akumbuke kwamba uhuru wa kuwa na kabati tupu si uhuru. Lakini ushirika huo haujakamilika siku mashine inapogawiwa. Unakamilika siku kila mahali penye mashine patakapokuwa na mtu mwenye ruhusa ya kuamua mashine inaponyamaza, na jina lake likajulikana kwa wanaopanga foleni. Ruhusa bila jina ni upuuzi, na jina bila ruhusa ni mateso. Viwili hivi hutakiwa pamoja.

Wajibu haumalizikii chini. Walio juu, wanaoutunza mfumo kwa niaba ya wote, wanapaswa kujua kwamba kutunza chombo cha shirika si kumiliki. Mlinzi wa kisima si mwenye maji. Kwa hiyo diwani wa Kalambo na mtendaji wa kata ya mwambao wanapaswa kuulizwa kabla mfumo haujajengwa, si kufundishwa kuubonyeza baada ya kujengwa. Sauti yao isipimwe kwa wingi wa mapato yao. Halmashauri yenye mapato madogo ndiyo yenye mtandao dhaifu zaidi, masafa marefu zaidi na watumishi wachache zaidi, na kwa hiyo ndiyo inayojua zaidi mahali ambapo mfumo utavunjika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliye karibu na mkongo wa mawasiliano hamjui aliye mwisho wake. Asiyejua hana budi kuuliza. Hiyo ndiyo adabu ya kwanza ya mwenye nguvu.

Yawezekana mtu akasema kwamba siku zinakuja ambazo minara itajaa, nyaya zitakuwa nyingi, mtandao hautakatika, na mjadala huu utakuwa kama mjadala juu ya wapagazi baada ya reli kufika. Heri siku hizo zije. Lakini hata zikija, swali halitakufa. Mfumo usiokatika waweza kukosea bila kukatika: kumwandika aliyelipa kuwa hajalipa, kumhesabu aliye hai miongoni mwa wafu, kumkosesha mtu nafasi kwa herufi moja ya jina lake. Tena kosa la mfumo mzima ni gumu kuliko kosa la mfumo mbovu, kwa sababu hakuna taa nyekundu inayowaka, na raia husimama peke yake akibishana na kioo. Siku hiyo atahitaji jawabu kuliko alivyolihitaji mama wa migebuka.

Dini, mila na sheria za watu wengi zimekubaliana juu ya jambo moja, kwamba amana hurudishwa na mkono uliopokea. Raia anapokwenda katika ofisi ya kata hakabidhi shida yake kwa waya, wala kwa Dodoma, wala kwa bahari. Huikabidhi kwa mtu aliye mbele yake, na mtu huyo, kwa kukaa katika kiti kile, amekwisha kuipokea. Nyuma yake na wawepo washirika 184 na vyombo vya kila namna. Wamsaidie, wamwongoze, wamsahihishe. Lakini wasisimame mahali pake. Mchuuzi wa Nkasi hakudai mtandao usikatike, maana amekulia ziwani na anajua kwamba kamba hukatika. Alidai kuonyeshwa mtu wa kumwuliza. Serikali iliyoweza kuunganisha halmashauri zote za nchi kwa uzi mmoja haiwezi kusema kwamba haina uwezo wa kumwonyesha.